Sifuri ya Daktari wa Neno

Loo, makubwa! Mchungaji alimpigia dada yake simu asubuhi nzima utadhani nyumba inaungua, kumbe kilichomsibu ni programu ya kusomea Biblia. "Imeharibika, mdogo wangu. Njoo uitengeneze. Jumapili nitasimama na nini?"

Dada mtu alikuwa mwalimu wa Kigiriki katika chuo cha wachungaji. Kaka yake naye alipita chuoni hapo zamani, akalikwepa somo hilo kwa ufundi mkubwa mpaka akahitimu. Lakini mlangoni pa ofisi yake alibandika kibao cha rangi ya dhahabu: DAKTARI WA NENO. Udaktari wenyewe aliupata kwenye semina ya wikiendi, pamoja na chai. Mwalimu hakuwahi kukipita kibao kile bila kusonya, na siku hiyo alisonya kwa nguvu hata katibu wa kanisa akageuka.

Chanzo cha yote kilikuwa maziko ya baba yao. Mchungaji alihubiri juani, akahubiri, akahubiri, mpaka mama yao akaanza kuyumba. Mdogo wao wa mwisho, fundi wa spika za kanisa, akampa ishara amalize. Mchungaji akajitia haoni. Akampa tena. Wapi! Basi Fundi akachomoa waya, mama akapelekwa kivulini, na mchungaji akabaki anapanua mdomo bila sauti mbele ya umati. Tangu hapo Fundi ameomba radhi mpaka aibu imemwisha, na mlango haufunguliwi.

Sasa mama alikuwa amelazwa, kesho yake anapasuliwa moyo. Alichowaomba wanawe ni kitu kimoja tu: wale wa kiume wasimame pamoja kando ya kitanda, wamshike mikono, huyu huku na huyu huku, kabla hajaingizwa ndani. Daktari wa hospitali hakuwa amewaficha kwamba huenda asitoke.

Mchungaji akubali? Thubutu! Yeye alikuwa amegundua jambo. Eti katika Agano Jipya lote, kwa Kigiriki, kusamehe hakujatolewa kama amri hata mara moja. Ni hiari ya mtu. "Nimetafuta kwa programu," aliwaambia wazee wa kanisa akijipiga kifua. "Matokeo, sifuri." Wazee wakaitikia amina. Nani abishane na sifuri iliyotoka kwenye mashine? Jumapili angeihubiri, kisha amtangaze mdogo wake kuwa ametengwa.

"Haya, imeharibika vipi?" Mwalimu aliuliza, akivuta kiti mbele ya kompyuta.

"Juzi ilikuwa inatoa sifuri. Leo asubuhi imejisasisha yenyewe, sasa inaleta mambo."

"Mambo gani?"

"Mistari."

Mwalimu akamkodolea macho. "Kwa hiyo, kaka, umeniita niitengeneze kwa sababu imeanza kufanya kazi?"

"Usinifanyie mzaha. Mimi na kompyuta hatujuani. Hata kuiwasha nawashiwa na katibu."

Mwalimu akacheka, maana ugonjwa ule aliujua. Wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza huupata kila muhula: juu ya skrini kuna kisanduku kidogo cha kuchagua utafute katika vitabu vipi. Mtu anachagua kitabu kimoja leo, kesho anasahau kukibadilisha, halafu anakuja mbio kutangaza ugunduzi. Programu ilipojisasisha, kisanduku kilirudi kwenye Agano Jipya lote. Basi. Akabonyeza kitufe cha kutafuta, mistari ikajipanga kwenye skrini.

"Tazama huu. Ni ndugu aliyekosa, akarudi kutubu. Neno ni la kuamuru, kaka, halina hata upenyo wa kutorokea."

"Ina kirusi."

"Kirusi kinachojua Kigiriki kuliko wewe!"

"Hebu sogea." Mchungaji akakikamata kipanya. Kishale kikaenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku, kikateremka, kikazipita Injili, kikazipita nyaraka ndefu zote, kikatua kwenye waraka mfupi wa ukurasa mmoja ulio karibu na mwisho. Hakusita, hakubahatisha. Akabonyeza. Sifuri. Uso ukamnawiri. "Unaona? Imepona."

Kicheko kikamkauka Mwalimu. Alikuwa amekuja kumdharau mjinga, na ujinga angeuvumilia. Ndio unaomlipia mshahara. Hili alilokuwa akilitazama halikuwa ujinga.

"Kumbe ulijua," alisema. "Ulijua unatafuta kwenye ukurasa mmoja."

Mchungaji akajirekebisha tai. "Na wenyewe si umo katika Agano Jipya? Wazee wakiuliza, nitawaambia mashine imetengenezwa na mwalimu wa Kigiriki."

Mwalimu akainuka kitini, maana angeendelea kukaa angemtukana kaka yake mkubwa. "Mama anaingizwa kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Unakuja, huji?"

"Nitamwombea nikiwa hapahapa."

Kesho yake Fundi alifika mapema, shati limepigwa pasi, akaushika mkono wa kushoto wa mama. Wa kulia ulilala juu ya shuka, kiganja juu. Mwalimu alitaka kuushika, mama akauondoa.

"Huu si wako, mwanangu. Kaka yenu yuko wapi?"

Mwalimu akamnyooshea shuka. "Bado anatafuta, Mama."

"Anatafuta nini tena?"

Fundi akainama akalia kama mtoto. Muuguzi akaangalia saa, akaachia breki za kitanda, wakaanza kumsukuma. Mpaka milango inajifunga nyuma yake, ule mkono wa kulia ulikuwa bado wazi juu ya shuka.