Mfupa Ndani ya Bakuli

…wanashona sasa, nasikia uzi ukivutwa ila mguu kama si wangu, sindano ya ganzi ya mgongoni imeulaza, na nesi Redempta ameniinamia na bakuli, anauliza, "Baba Yeremia, tukitupe au utakichukua?", na mimi nimechoka, hata kufumbua macho ni kazi, nimeshakiona, kipande cha mfupa tu, kichwa chake kama uyoga, hakina unywele, hakina kitambaa cheusi wala pini, vile nilivyosadiki vingetoka humo, na daktari anasema huku anashona, ni mfupa uliozidi, mzee, hauna ubaya, umekuwa ukiota taratibu tangu ujana wako… tangu ujana, basi Stumai alikuwa hata hajaolewa na marehemu mdogo wangu, na mimi nilisimama mkutanoni Sepuka, mwaka ule wa Operesheni tunahamishiwa kijijini na kugawiwa viwanja, nikavua katambuga, nikawaonyesha uvimbe wa kisigino, nikasema nimekanyaga dawa mlangoni kwangu na aliyenitega ni huyu mjane, wakampa kiwanja cha mwisho kabisa, kule kwenye mawe, na tangu hapo kisimani hakuna anayemtwisha ndoo, mwaka wa pili huu, shamba la kijiji analima tuta lake peke yake, mimi namwangalia, najiona nimeshinda, mjinga mimi, mjinga kabisa… "Baba?", subiri kidogo, mama, nitakichukua, nitakifunga kwenye kitambaa, nikamwekee mlangoni kwake akione mwenyewe… ala, nimwekee mlangoni, mimi, mfupa, kwenye kitambaa, si ndicho nilichomsingizia, atakikanyaga alfajiri akienda kuteka maji, na mchawi nitakuwa mimi… au nimpe balozi wa nyumba kumi akamweleze, hapana, balozi hakusema uongo, niliusema mimi, kwa mdomo huu, nimesimama kwa mguu huu huu, Mungu wangu nimechoka, na mpaka kule kwenye mawe ni mbali kwa mtu mwenye nyuzi kisiginoni, na nikifika nitaanzaje, nitapiga hodi, atauliza nani, nitasema ni mimi shemeji yako, halafu atanyamaza, ana haki ya kunyamaza, nami itabidi nisimame hapo hapo mpaka achoke yeye… uzi unavutwa tena, nesi bado ameinama, bakuli bado liko pale pale, kitu chenyewe kidogo, kinaenea kiganjani, "Kitupe," nasema, "nitakwenda mikono mitupu."