Chupa ya Wazima

Maabara yetu inatafuta saratani kwenye damu kabla mwenye damu hajaanza kuumwa. Protini za damu zimebeba vijitawi vya sukari. Si sukari ya chai, wala ile ya ugonjwa wa kisukari. Ni vijitawi vidogo vilivyoota juu ya protini zenyewe. Kwa mtu asiye mgonjwa umbo la vijitawi hivyo linajulikana. Saratani ikiingia, vijitawi huweza kugeuka, na mashine yetu huviona vilivyogeuka.

Lakini huwezi kujua kilichogeuka bila kuwa na kisichogeuka. Ndiyo maana sisi wafanyakazi hutoa damu zetu, zikachanganywa kwenye chupa moja, ikaandikwa "Wazima". Tuko watano: bosi, tunayemwita Profesa ingawa si profesa, mlinzi, dereva, mimi, na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeosha vyombo vya maabara na kumtania kila anayepita. Kwake mlinzi ni Bwana Usingizi. Mimi ananiita Mwizi, eti nilimwibia kaka yake.

Mwezi uliopita mashine ikasema Wazima si wazima. Tukacheka. Profesa akasema friji ilizima umeme ulipokatika, damu imeharibika. Tukaimwaga, tukatoa nyingine, tukachanganya upya. Mashine ikarudia yaleyale, na safari hii hakuna aliyecheka. Damu ya mmoja wetu ilikuwa imezimuliwa na damu za wanne, na bado ilionekana. Mwenye ugonjwa alikuwa nao mwingi.

Profesa akaamua kila mtu apimwe peke yake, kwa hiari yake. Wifi akakataa.

"Mimi simo," akasema, huku anasugua chupa.

"Wifi, usiwe mjinga."

"Niache, Mwizi. Mama alikuwa analima. Siku alipoambiwa, akaweka jembe chini, hakulishika tena. Yalimuua maneno yale."

"Ilimuua saratani. Tena kwa sababu ilichelewa kuonekana."

"Basi wewe una lako, na mimi nina langu."

Nilikasirika kwelikweli. Mtu anashinda akiosha vyombo vya kupimia damu za wenzake, halafu anaiogopa yake! Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kuwa kifo kinamuumbua kila mtu, hata anayetangaza.

Tukapima wanne. Nilianza na yangu. Safi. Nikafurahi hadi nikaona haya. Dereva, safi. Mlinzi, safi. Ikabaki ya Profesa, nami nikajikuta namwomba Mungu iwe mbaya. Mtu aliyenipa kazi, ana watoto wadogo, na mimi naomba hivyo. Ikawa safi.

Profesa akatuita pembeni akatuonya. Wifi hajaomba kujua, asiambiwe. Hiyo ni haki yake. Tukaapa. Tulidhani kutunza siri ni kufunga mdomo tu.

Asubuhi iliyofuata wifi akaingia kazini. Akamuuliza mlinzi kama ameamka au bado anaota. Mlinzi akasimama, akamfungulia geti, akasema, "Pole na kazi, dada." Dereva akampokea ndoo. Profesa, ambaye hajui hata birika linakaa wapi, akamletea chai mwenyewe.

Haikuchukua muda wifi akanifuata chumba cha mashine, akafunga mlango.

"Mlinzi nimemchokoza, kanipa pole. Dereva nimemchokoza, kanibebea ndoo. Sasa wewe. Nitukane."

Nikafungua mdomo. Matusi ya mawifi ninayo tele, mengine nimefundishwa na yeye mwenyewe. Hakuna hata moja lililokuja.

"Haya," akasema. Akavuta kiti, akakunja mkono wa gauni. "Toa hiyo damu. Kama nyote mnajua, kwa nini mimi niwe wa mwisho?"

Nikamtoa damu. Bila damu za wanne za kuizimua, mistari kwenye skrini ilipanda mpaka ikapita mwisho wa kipimo. Mashine haikuweza kutuambia ni kiungo gani. Hospitali walipiga picha, wakasema ni kongosho, na ugonjwa umeshafika kwenye ini. Daktari alikuwa mpole sana, na hakutaja upasuaji.

Tulipotoka, wifi akaegemea ukuta wa nje.

"Kaka umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie leo."

"Atajua tu, wifi. Mpaka lini?"

"Sijui mpaka lini. Mimi kabla ya kujua nilikuwa nalala. Na yeye mwache alale."

Nikamsindikiza kwake, nikarudi nyumbani.

Mume wangu alikuwa ameshatenga chakula. Akauliza habari za kazi.

"Nzuri," nikasema.

"Na yule mchokozi wangu, hajambo?"

Mimi niliyemwita dada yake mjinga nikanawa mikono, nikakaa.

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu."