Mji Alioujua kwa Matundu

Milango ya treni ilijifunga, na kipande cha koti langu kikabaki nje. Treni ikaondoka hivyo hivyo. Nikasafiri nimebanwa mlangoni kama nguo iliyoanikwa, huku mpwa wangu akinituliza kwamba kituo kinachofuata mlango utafunguka. Kituo kikafika, ukafunguka mlango wa upande wa pili.

"Vumilia, mjomba. Mbele kidogo tu."

Mpwa wangu huyo nyumbani tunamwita Profesa tangu utotoni, kwa sababu alikuwa hali chakula mpaka aelezwe kimepikwaje. Sasa alikuwa chuoni, ugenini, mwaka wa tatu. Mimi nilipita kwake nikiwa njiani kwenda mbele, maana mimi siku zote niko njiani kwenda mbele. Nikakuta rafiki zake wawili waliokua naye wameshafika kumtembelea. Mmoja ni Spika, mtu ambaye akinong'ona jirani anaitikia. Wa pili ni Kinyozi, na huyo ndiye aliyekuwa anamnyima Profesa usingizi.

Kinyozi ana dada. Profesa alitaka kumuoa huyo dada na kumleta waishi wote huku. Mama yao alisema vizuri, lakini kaka mtu aende kwanza akaone binti anapelekwa wapi. Akirudi na ndiyo, ni ndiyo. Akirudi na hapana, bwana atafute kwingine. Kwa hiyo yale hayakuwa matembezi. Ilikuwa posa iliyovaa viatu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu alikuwa anaumwa waziwazi. Asubuhi alipiga pasi hata kamba za viatu.

Mpango wake ulikuwa kumtisha Kinyozi kwa ukubwa wa mji. Tulianzia kwenye uwanja wenye sanamu ya shaba ya mtu aliyepanda farasi.

"Nani huyu?" akauliza Spika, njiwa wote wakaruka.

"Mtu mkubwa."

"Alifanya nini?"

"Mambo makubwa. Twendeni makumbusho. Ni mbali, lakini hamtajuta."

Tukashuka chini ya ardhi, tukapanda treni, tukateremka, tukatembea kwenye njia ndefu kama utumbo, tukapanda treni nyingine, tukapanda ngazi mpaka magoti yangu yakaanza kunitukana. Tukatokea mbele ya jumba lenye nguzo. Tukaangalia vyungu vilivyovunjika. Halafu tukashuka tena chini, treni tena, tukatokea kwenye bustani yenye chemchemi.

"Mji huu ukiuanza mtoto unaumaliza mzee," Profesa akajisifu. "Shemeji, unaonaje?"

"Shemeji bado," Kinyozi akamjibu. "Endelea kutembeza."

"Ila hawa watu wanapenda farasi!" Spika akapiga kelele. "Kila mtaa una wake. Huyu wa hapa ametupa kisogo."

Kweli, nyuma ya miti alionekana mtu wa shaba, yeye na mkia wa farasi wake. Sikushangaa. Nimepita miji mingi, na yote ina watu wa shaba wanaokwenda mahali wasikofika.

Kinyozi akayazungushia macho majengo yote. Mwishowe akasema, "Profesa, mji wako ni mkubwa mno."

Profesa akatabasamu mpaka masikioni.

"Usicheke. Dada yangu akitumwa chumvi hapa atarudi ana wajukuu. Kwetu ukimtafuta mtu unaita, anaitika. Hapa hata Spika aite, nani atasikia? Siwezi kumtupa mtoto wa mama yangu kwenye pori la nyumba. Nitamwambia mama ukweli."

Tabasamu likaanguka. Profesa akaanza kubabaika. "Basi... basi tuone sehemu moja ya mwisho. Kuna soko la maua. Dada atalipenda. Mbali kidogo, lakini..."

"Mimi shimoni sirudi," nikasema. "Nimebakiza kuingia mara moja tu, na siku hiyo nitabebwa."

Nikakaa kwenye benchi la bustani na kipakiti changu cha njugu.

"Mjomba, usibanduke hapo! Ukipotea mji huu hatukupati."

Wakazama. Nikatafuna. Njugu zilikuwa bado nusu pakiti nilipoisikia sauti ya Spika inatoka ardhini. Ng'ambo ya barabara, mbele yangu kabisa, palikuwa na tundu jingine la ngazi. Likatoa kichwa cha Profesa, kisha cha Kinyozi, kisha Spika mzima. Profesa akanipa mgongo, akanyoosha mkono kuwaonyesha maua. Kinyozi akageuka, akaniona.

"Mzee! Umefikaje?"

"Nimefika wapi?"

"Huku! Sisi tumepanda treni mbili!"

"Mimi nimekula njugu."

Spika akajishika kichwa. "Mzee ana dawa! Kumbe ndivyo alivyozunguka dunia!" Akakataa kabisa kuvuka barabara.

Kinyozi akavuka, Profesa nyuma yake. Akaligusa benchi, akanigusa na mimi. Akaiangalia chemchemi, akamwangalia mtu wa shaba, akaondoka, akakata kona. Akarudi akitokea upande wa pili.

"Profesa. Makumbusho yako nyuma ya hii miti."

"Hapana, makumbusho ni mbali," Profesa akasema, akakunjua ramani ya treni, mistari ya rangi rangi. "Tazama. Vituo hivi, unabadilisha hapa..."

"Na uwanja wa farasi uko kando ya makumbusho. Ndiye yule yule. Siku nzima unatuzungusha mtu mmoja, mara uso, mara kisogo!"

Hapo nikaelewa. Kijana alifika wakati wa baridi kali, wenzake wakamwonyesha ngazi za kushuka, na tangu siku hiyo hajawahi kwenda popote kwa kutembea juu. Mji aliujua kama panya anavyoijua nyumba, kwa matundu. Akakaa kando yangu, macho yamelowa.

"Nimekwisha, mjomba."

Lakini Kinyozi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa chemchemi asianguke. "Yaani mji wenyewe ndio huu? Naumaliza kwa kandambili kabla chai haijapoa!"

Profesa ni mtu wa ukweli, hilo ndilo tatizo lake. Akafungua mdomo aseme kwamba nyuma ya hapo kuna mitaa mingine isiyohesabika. Nikamtia njugu mdomoni, akapaliwa.

"Dada yangu atapaweza hapa," Kinyozi akasema, akimpiga mgongoni. "Tena aje haraka. Nilikuwa namwogopea yeye, kumbe wa kushikwa mkono ni wewe."

Kinyozi alirudi kwao akatoa neno, na mwaka uliofuata harusi ikafanyika. Dada alikuja, akajifunza ushonaji, sasa anashona mapazia ya hoteli. Profesa alimaliza masomo na anafundisha hesabu. Wana mabinti wawili. Kinyozi ameajiri watu na mwenyewe hashiki tena mkasi, mgongo unamsumbua. Spika anauza magodoro. Mimi niliondoka kesho yake ya siku ile ya bustani.