Mkwe Nyuma ya Pazia

Kile kivimbe Ndunge alikigundua akioga, titi la kushoto, kigumu kama njugu mawe isiyoiva. Dada yake mkubwa aliwahi kuwa nacho kama hicho. Alinyamaza nacho, wakamzika kabla mahindi hayajakomaa.

Ndunge akapanda boda kutoka Gatuanyaga, vumbi mpaka kwenye kope, akashukia kliniki moja ya Thika ambako mtu huingia tu bila miadi. Ile ya Ruiru aliiogopa, kwa sababu daktari wa kule ni Kyengo, mume wa bintiye Mwelu. Na kwa Wakamba, mama na mkwewe hata mkono hawapeani. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa pembeni. Sembuse kumfungulia kifua.

Kwenye benchi aliketi na mzee Gachau, shavu limemvimba kama amefutika kiazi.

"Mbona watetemeka, shosho? Mwenye kung'olewa jino ni mimi."

"Ng'olewa tu, baba. Ulimi utabaki, na huo ndio unaoutumia."

Muuguzi, sista Beth, akamwita. Ndunge akasukuma mlango. Nyuma ya meza, katika koti jeupe, alikuwa Kyengo.

"Mama," alisema, macho yake mezani. "Mwenzetu wa hapa anaugua, nimeletwa nimshikie zamu. Tukusaidie nini?"

Ndunge akabaki palepale karibu na mlango. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Goti. Linaniuma nikiinama kupalilia."

Kyengo akaandika dawa ya goti. Ndunge akaipokea karatasi kwa ncha za vidole, akafika mlangoni. Gachau alikuwa tayari amesimama. Hapo Ndunge akamwona dada yake akilini, vile alivyolala siku za mwisho akiuma shuka asisikike na watoto.

"Ngoja kidogo, baba," alimwambia Gachau.

Akarudi ndani, lakini si mezani. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kitanda cha wagonjwa, akalivuta pazia la kijani, akasimama nyuma yake.

"Baba," alimwita Kyengo.

"Naam, mama."

"La goti nimekudanganya. Nina kitu kifuani. Kama cha mama mkubwa wa Mwelu."

Kiti kikalia. Kyengo akasimama.

"Umefanya vizuri kusema, mama. Mimi natoka. Sista Beth ndiye atakayekushika."

Beth alianza kwa maneno mengi, mara vumbi la Gatuanyaga, mara mvua iliyokataa kunyesha. Vidole vyake vikazunguka, vikapanda kwapani, vikarudi palepale. Halafu maneno yakamwishia.

"Sema, sista."

"Sitasema nisilolijua, shosho. Kwanza kipigwe picha, halafu kipimwe. Na ni leo, si kesho."

Ndunge alivifunga vifungo vya blauzi, kimoja kikakosea tundu. Nje, Kyengo alikuwa amempa mgongo, simu mkononi.

"Mwelu yuko njiani. Sikumwambia ni nini, mama. Hilo utamwambia mwenyewe."

Ndunge alitaka kumwuliza kama atakufa. Lakini mkwe haulizwi hivyo.

"Mwambie aniletee sweta," akasema. "Naona baridi."

Na jua la Thika lilikuwa limewaka utosini.