Mawe ya Mzee Dominiko

Alfajiri ya Ijumaa, kabla wakulima hawajaanza kushusha magunia, Dunstan alimpima mkewe kwenye mizani ya korosho. Alimkalisha kwenye turubai lililofungwa kamba pembe nne, akalitundika kwenye ndoano, akasubiri mshale utulie.

"Daraja la kwanza," alisema. "Hakuna iliyooza."

Felomena alitaka kucheka, akauwahi mdomo kwa kiganja. Kucheka kulimpasua. Tangu sindano ya pili ya saratani ya shingoni, kinywa chake kilikuwa kidonda kimoja kutoka midomoni hadi kooni. Hata mate aliyameza kwa kufumba macho.

"Ngapi?"

Mshale ulionyesha thelathini na saba.

"Zinakaribia," alisema Dunstan, mtu aliyepimia ushirika miaka kumi na moja na kujisifu kwamba mizani yake haijui kusema uongo. Juzi tu alimnasa mzee Dominiko na mawe matatu ndani ya gunia, akamtania mbele ya watu: "Mzee, mkorosho wako huu unazaa kokoto?" Kijiji kizima kilicheka. Mawe akayatupa nyuma ya ghala.

Zilitakiwa kilo arobaini. Sista Letisia, muuguzi wa hospitali ya misheni, alishasema: chini ya hapo sindano ya tatu haichomwi, mwili hautaihimili. Mama asukutue maji ya chumvi mara kwa mara, asiguse pilipili wala ndimu, anywe uji uliopoa wenye maziwa, sukari na mafuta. Aliyataja maziwa, sukari na mafuta kama mtu anayetaja jua, mwezi na nyota. Na mwaka ule wa 1983 vyote vilikuwa mbali sawasawa. Jumanne Dunstan aliendesha baiskeli hadi Ruangwa, akarudi na chumvi nusu kilo na tairi lililopasuka. Uji aliuchuja kwa kitambaa, mkewe akaunywa kwa kijiko cha chai, vijiko sita, cha saba akakirudisha.

Maziwa ya unga yalikuwamo kwenye duka la kijiji, makopo yamepangwa rafuni. Dunstan alikwenda tena asubuhi hiyo. Saturnini, katibu wa duka, alikuwa nyuma ya kaunta na kikombe chake cha chai.

"Ndugu mpimaji! Leo tena?"

"Leo tena, ndugu katibu. Kopo moja tu."

"Ya watoto wachanga hayo. Kadi ya kliniki iko wapi?"

"Nina barua ya Sista."

"Barua si kadi. Mkeo ana miaka mingapi?"

"Thelathini na nne. Lakini hatafuni, analishwa uji kwa kijiko, na usiku kucha analia. Unataka uchanga gani tena?"

Wanawake kwenye foleni waliangua kicheko. Saturnini naye alicheka sana, maana utani ulikuwa mzuri, kisha akanywa chai yake. Ilikuwa ya maziwa.

"Nenda wilayani kalete kibali," alisema, akifuta mdomo.

Mchana huo walikwenda hospitali ya misheni, Nachingwea, kwa lori la ushirika, Felomena mbele kwa dereva, amejifunga kibwebwe kinene kiunoni. Hospitalini alipanda mizani polepole.

"Arobaini!" alisema Sista Letisia. "Hongera, mama. Umekula." Akachukua kalamu apige hesabu ya dawa, maana ilipimwa kwa kilo za mgonjwa.

Felomena aliposhuka, vitu viligongana ndani ya kibwebwe. Korosho zikigongana zina mlio wake. Jiwe lina mlio wake.

Dunstan alisogea. "Mama Valeria," alinong'ona, "fungua."

"Niache."

"Watakupa dawa ya mtu mwenye kilo arobaini. Itakuunguza."

"Na nisipochomwa?" Maneno yalitoka na damu kidogo kwenye pembe ya mdomo. "Baba Valeria, nisipochomwa?"

Dunstan alifungua kibwebwe mwenyewe, akayaweka mawe mezani, moja, mawili, matatu. Aliyajua yote.

Sista aliyatazama, kisha akakata arobaini kwa mstari, akaandika thelathini na saba. "Rudini baada ya wiki mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Mpe maziwa, baba."

"Ndiyo, Sista."

Njia nzima Felomena aliangalia dirishani, mkono shingoni, kwenye uvimbe.

Jumamosi asubuhi Dunstan alipanga foleni dukani nyuma ya wanawake wenye watoto mgongoni. Zamu yake ilipofika aliyatua mawe matatu juu ya kaunta.

"Nini tena hii, ndugu mpimaji?"

"Ndicho anachokula mke wangu. Nimekuja kubadilisha."

Safari hii hakuna aliyecheka. Saturnini alitazama mawe, akatazama foleni, halafu akakitoa kikombe chake juu ya kaunta, akakificha chini.