Mbwa wa Averil

Neville Strachan hakuwapenda mbwa, na wenye mbwa aliwadharau kabisa. Kila asubuhi aliwaona ufukweni mwa mji wa Oamaru, watu wazima na akili zao, wakiongea na wanyama kwa sauti za kitoto na kubeba vinyesi kwenye vifuko kwa uangalifu kama wamebeba mayai. Alimwambia mkewe kwamba binadamu akishafika hapo amekwisha. Jirani yao, Moira Haggart, Neville alikuwa amemshitaki kwenye halmashauri ya mji mara mbili kwa sababu mbwa wake, Bess, alibweka mchana. Hakuwahi hata kumgongea mlango kwanza.

Kisha Averil, mkewe, akaleta mbwa mchanga aitwaye Mungo, na kabla mwezi haujaisha yeye mwenyewe akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Kazi ya kumtembeza ikamwangukia Neville.

Nyumbani Mungo alikuwa mpole. Nje, akimwona tu mbwa mwenzake, hata wa ng'ambo ya barabara, manyoya ya mgongo yalimsimama, akaivuta kamba na kubweka mpaka sauti ikamkauka. Neville alimvuta na kumkaripia, na kadiri alivyovuta ndivyo mbwa alivyozidi. Watu waligeuka na kumtazama mzee mwekundu wa uso akigombana na mnyama. Aliujua vizuri mtazamo ule. Ulikuwa wake mwenyewe.

Alimwambia Averil kwamba mbwa yule ni mpumbavu na mkali, arudishwe alikotoka.

"Harudi popote," Averil akajibu. "Nenda kwa Moira. Bess wake ametulia, atamfundisha."

Neville akasema afadhali ale nyasi.

Siku ya upepo wa kusini, Mungo alichomoa kichwa kwenye ukanda wa shingoni akamtimkia mbwa mkubwa wa mvuvi mmoja. Neville alijua damu itamwagika. Lakini Mungo alipobakiza hatua chache tu aliufyata mkia, akalala chali, akajikojolea. Yule mkubwa alimnusa kidogo akaenda zake. Mungo akarudi mbio kujificha nyuma ya miguu ya Neville, akitetemeka kiasi kwamba suruali ilitikisika. Ukali wote ule ulikuwa woga. Neville alimwita mwoga, lakini aliinama akamshika, na jioni hiyo akaenda kugonga kwa Moira.

Moira alimwacha asimame mlangoni, kwenye baridi.

"Umekuja kunishitaki tena?"

Neville akaeleza shida yake, akiutazama ukuta.

"Na wewe akibweka unafanya nini?"

"Namvuta. Namkaripia."

"Basi anaona hata wewe umeogopa. Yeye anaanza wimbo, wewe unaitikia." Alimpima kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe, Bwana Strachan, ningekuacha uumbuke. Lakini huyo mnyama hana kosa, hakuchagua kuishi na wewe. Kesho asubuhi, uwanja wa raga. Njoo na jibini."

Walianza mbali, Bess kwenye magoli ya huku, Mungo kwenye magoli ya kule. Kazi ya Neville ilikuwa kuilegeza kamba, kungoja Mungo amtazame Bess, na kumpa jibini kabla hajafungua mdomo. Mwili ukianza kumkakamaa, wageuke waondoke bila ugomvi. Kukaribia nako ni kwa kuzunguka, maana mbwa akijiwa uso kwa uso huona anatafutiwa shari.

"Msifie," Moira alisema.

"Vizuri," Neville akasema.

"Huyo si karani wako. Msifie kama unampenda."

Neville aliangalia kama kuna mtu karibu. Kisha akaongea na Mungo kwa sauti ile ile aliyokuwa akiicheka miaka yote, na masikio yakamwaka moto. Moira hakucheka. Alimtazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kuna siku Neville aliingiwa na tamaa akampeleka Mungo mpaka puani kwa Bess. Mungo alilipuka kwa kubweka. Moira aliuliza alikuwa na haraka ya kwenda wapi, akawarudisha magolini kuanza upya.

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, Mungo aliweza kutembea sambamba na Bess, kimya. Kwa mbwa wageni bado alinguruma, lakini Neville alijifunza kuvuka barabara mapema, naye Mungo akajifunza kumwinulia macho kuomba jibini badala ya kubweka.

Asubuhi moja Neville alikohoa, akasema kwamba kuhusu yale mashitaka, labda alikosea.

"Labda?" Moira akasema, akaondoka na mbwa wake.

Kesho yake Neville aliwakuta uwanjani saa ile ile. Moira hakumsalimia. Alishika upande wake, Neville akashika wake, mbwa wakaenda katikati yao, wakinusana mikia.