Mkataa Kwao

Kaka yangu Fanuel ana methali ya kila jambo. Mvua ikinyesha ana methali, gari likikataa kuwaka ana methali, na ukimpa chai isiyo na sukari ana mbili. Ukimsikiliza utadhani amezeekea machungani. Ukweli ni kwamba tulikulia Nakuru mjini, na jembe alilishika shuleni tu, akiwa kwenye adhabu.

Hata hivyo nilimchagua yeye awe msemaji wetu tulipokwenda mtaa wa Acocks Green, huku ughaibuni tunakoishi, kumposa Précieuse, mchumba wa mwanangu Ivan. Mimi ni mjane, na posa haipelekwi na mama peke yake. Nilimwomba tu apunguze maneno. Akanijibu kwa methali.

Wenyeji wetu ni Wakongo. Baba wa binti, Mzee Gaston, alitupokea akiwa na suti nzito na sauti ya chini. Mkewe, Léocadie, alikuwa jikoni, na harufu ya pondu, kisamvu chao, ilitufikia sebuleni. Mambo yalianza vizuri. Fanuel alisema tumeona ua zuri katika nyumba hii, wenyeji wakacheka, Ivan akaacha kutikisa goti. Kisha kaka yangu akakumbuka mila.

"Mzee, hapa ni nyumba," alisema. "Sisi tunauliza nyumbani. Ushago. Ng'ombe wa mahari hatuwezi kuwaleta kwa nyumba ya council."

Gaston alisema zamani kwao kulikuwa Kongo, lakini sasa kwao ni hapa. Ingetosha. Nilimkanyaga Fanuel mguu. Yeye akaegemea kiti, akatabasamu.

"Mkataa kwao ni mtumwa, mzee."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kumwambia hivyo mtu aliyefukuzwa kwao kwa bunduki! Ivan aliinamisha kichwa, nami nikajua ndoa ya mwanangu imeharibikia hapo.

Gaston hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alidhani kweli anadaiwa jibu. Alisogeza vikombe, akaanza kuchora kwa kidole juu ya meza.

"Bon. Ukitoka ku kanisa, unapanda na njia ya mukono wa kuume mpaka ku kisima. Pale ni kiwanja yetu. Nyumba iliungua. Nyuma ya jiko, hapa, ndipo mama yangu iko. Nilimuzika mbio mbio, nilichimba na sahani. Mukipeleka ng'ombe, mumupeleke pale."

Précieuse alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vinywaji.

"Papa," alisema, "you never told us. Ulisema koko, mama yako, alikufa ku hospitali."

Mzee huyu alikuwa amewafichia watoto wake jambo hilo miaka yote, na sisi, wageni, tukalichomoa kwa methali. Binti akamgeukia kaka yangu.

"Mjomba, sasa mmeridhika?"

Fanuel aliinuka, akampokea sinia. Mara hii bila methali.

"Précieuse, leta chakula," Gaston alisema taratibu. "Hawa ni bakwe zetu. Habawezi kuondoka na njala."

Bakwe, yaani wakwe. Kwa neno hilo alikuwa ametupatia binti yake, na sikuweza kumtazama usoni.

Léocadie akaja na beseni kutunawisha, macho yamemvimba. Alikuwa amesikia kila kitu kule jikoni. Nilinyoosha mikono, naye akaishika kwa upole ili maji yasinimwagikie. Nilitamani anitukane.